CT scan au MRI: mwongozo kwa mgonjwa anayekuja kupimwa Mwanza

Kwa watu wengi wa Kanda ya Ziwa, CT scan na MRI vyote huitwa kipimo kikubwa. Mgonjwa akiandikiwa kimojawapo, ndugu wanaanza kuchanga, na kabla hela haijatimia hakosi kutokea mjomba wa kusema, "Si mngempeleka MRI moja kwa moja? Ile ndiyo inaona kila kitu." Haioni kila kitu. Hakuna mashine ya picha inayoona kila kitu, na MRI haijawa bora kuliko CT kwa kuwa tu bei yake iko juu. Ni mashine mbili zinazofanya kazi kwa njia tofauti kabisa, kila moja ina inachokiona vizuri na inachokipita bila kukiona. Kinachoamua upelekwe wapi ni swali ambalo daktari anataka lijibiwe.

Nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata njia ya mgonjwa mwenyewe, tangu chumba cha daktari mpaka kwenye bahasha ya majibu.

Hatua ya 1: Uliza kinachotafutwa, kabla hujauliza bei

Daktari anapokupa fomu ya kipimo, usinyanyuke mara moja. Sema tu kwa heshima: "Daktari, naomba kuelewa, kwenye picha hii mnatafuta nini? Na mkikikuta, au msipokikuta, matibabu yangu yatabadilika vipi?" Daktari mzuri hachukizwi na swali hilo, na mara nyingi atafurahi kukueleza. Akijibu "tuone tu kuna nini," hapo una haki ya kuuliza kama eksirei ya kawaida au altrasaundi haiwezi kutangulia.

Chukua mfano wa kichocho, ugonjwa ambao mtu wa pwani ya ziwa haulizi ni nini. Mvuvi wa Ukerewe aliyekaa nacho miaka mingi anaweza kuharibika ini na kuvimba bandama. Kwa kuangalia hayo, altrasaundi kwa kawaida inatosha: ni nafuu, haina mionzi, na ipo mpaka hospitali za wilaya. Kumpeleka mtu huyo kwenye CT siku ya kwanza ni kumchosha yeye na mfuko wake. Lakini kuna mara chache ambapo mayai ya kichocho hichohicho hufika kwenye uti wa mgongo. Mtu anaanza kukosa nguvu miguuni, ganzi inapanda, mkojo unagoma kutoka. Hapo altrasaundi haina la kusema, CT nayo haitoshi, na MRI ndiyo inayoweza kuonyesha uti wa mgongo wenyewe umepatwa na nini. Ugonjwa ni mmoja, mahali ulipokaa ndipo panapobadilisha mashine.

Hatua ya 2: Elewa mashine yenyewe inafanya nini

CT scan ni eksirei inayozunguka. Unalala kwenye kitanda kinachopita katikati ya duara pana, mionzi inakupitia kutoka pande zote, halafu kompyuta inaunganisha vipimo vyote na kutoa picha za mwili vipande kwa vipande, kama sangara anavyokatwa sokoni Kirumba Mwaloni ukaona ndani ya kila kipande. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine hii tarehe 1 Oktoba 1971 huko London, chini ya mhandisi Godfrey Hounsfield, ambaye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo wa 1971 ndipo Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, ilipofunguliwa juu ya kilima chake, kwa hiyo mashine na hospitali ni rika moja.

MRI haitumii eksirei. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Mwili wako umejaa maji na mafuta, na ndani yake kuna chembe za haidrojeni. Sumaku inazipanga chembe hizo, mawimbi ya redio yanazisukuma, na zinaporudi mahali pake zinatoa ishara ambazo mashine inazisoma na kuzigeuza picha. Sumaku za hospitali nyingi ni za nguvu ya tesla 1.5, yaani takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayovuta dira. Picha ya kwanza ya mwili wa mtu kwa njia hii, mwaka 1977, ilichukua karibu saa tano. Siku hizi ni kati ya dakika 20 na saa moja, kutegemea sehemu inayopigwa.

Sasa, nani anakwenda wapi?

CT ni ya haraka, na ubora wake mkubwa uko hapo. Mtu aliyeanguka na bodaboda barabara ya Kenyatta, amegonga kichwa, anatapika na kusinzia, anahitaji CT ya kichwa sasa hivi, kwa sababu inaonyesha damu iliyovuja na fuvu lililopasuka kwa dakika chache. Kumsubirisha apate nafasi ya MRI ni kupoteza muda ambao hana. CT ni nzuri pia kwa mapafu, mawe ya figo, mifupa iliyovunjika vibaya, utumbo ulioziba, na kwa kuangalia saratani ya kifua au tumbo imesambaa kiasi gani.

Kwenye kiharusi kuna jambo linalowachanganya sana ndugu. Mzee kapooza upande, kafikishwa hospitali mapema, CT imefanyika, majibu yanasema hakuna damu na ubongo unaonekana kawaida. Nyumbani wanaanza kunong'ona kwamba basi ni mambo ya kishirikina, hospitali haijaona kitu. La hasha. Katika saa za mwanzo, kiharusi cha mshipa ulioziba mara nyingi bado hakijajionyesha kwenye CT. Kipimo kile kilifanywa hasa ili kuhakikisha hakuna damu iliyomwagika, maana matibabu ya kuziba na matibabu ya kuvuja hayafanani, na dawa ya moja inaweza kumuua wa nyingine. CT safi ni jibu kamili, na daktari ataendelea kumtibu kama mgonjwa wa kiharusi.

MRI inashinda kwenye vitu laini: uti wa mgongo na neva zake, diski za pingili, uvimbe wa ubongo, chanzo cha kifafa, kano na gegedu za goti, tezi dume, shingo ya kizazi. TB ya uti wa mgongo inaonekana vizuri zaidi huko. Vivyo hivyo selimundu, ugonjwa ulio mwingi kwetu Kanda ya Ziwa: kijana mwenye selimundu akianza kuchechemea kwa maumivu ya nyonga, eksirei inaweza kutoka safi kabisa wakati kichwa cha mfupa wa paja kimeshaanza kufa kwa kukosa damu. MRI inalikamata hilo mapema.

Na maumivu ya kiuno? Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Maumivu ya kawaida ya mgongo, yale ya aliyebeba magunia au kukaa kwenye daladala siku nzima, mengi hupungua ndani ya wiki sita bila picha yoyote. Ukipiga MRI mapema utaambiwa diski imetokeza, nawe utaanza kutembea kama mtu aliyevunjika, ilhali zaidi ya nusu ya watu wa miaka 50 wasio na maumivu yoyote wana diski za namna hiyo. Usisubiri, lakini, kama miguu inapoteza nguvu, kama umeshindwa kuzuia au kutoa mkojo, kama sehemu za siri zimekufa ganzi, kama kuna homa na kukonda, au kama umewahi kuugua saratani. Hizo ni dalili za kwenda hospitali leo.

Hatua ya 3: Maliza maswali ya simu kabla ya kupanda meli

Mtu akitoka Nansio anakaa majini saa kadhaa. Wa Sengerema na Geita walirahisishiwa daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, lakini nauli na malazi ya mjini bado vinauma. Kwa hiyo piga simu, au mtume ndugu aliyeko mjini afike dirishani akaulize mambo haya: mashine inafanya kazi wiki hii? Lazima kuweka miadi? Bei ni kiasi gani, na je, bei hiyo inajumuisha dawa ya kontrasti, ile ya kuchomwa mshipani ili picha ionekane vizuri, au inalipwa kando? Majibu yanatoka baada ya muda gani?

Usidhani pia kwamba kila CT ni lazima ije Mwanza. Miaka ya karibuni serikali imesambaza mashine za CT kwenye hospitali za rufaa za mikoa, kwa hiyo ulizia kwanza mkoani kwako. MRI bado ni chache, na kwa hiyo ndiyo inayowasafirisha wengi.

Mwenye bima aulize mapema kama kipimo chake kinahitaji kibali, na aje na barua ya rufaa pamoja na kadi yake mwenyewe, si picha ya kadi kwenye simu. Asiye na uwezo asiende kujificha nyumbani na fomu mfukoni. Hospitali za rufaa zina ofisi ya ustawi wa jamii, na safari ya huko huwa rahisi ukiwa na barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji.

Kama fomu imeandikwa "kontrasti", uliza kama unatakiwa kupima figo kwanza, kipimo cha damu kiitwacho kreatinini. Kifanye huko ulipo ukiweza. Wapo wanaofika Mwanza alfajiri wakiwa wamefunga kula, kisha wanarudishwa maabara na kupoteza siku nzima kwa kipimo ambacho kituo cha nyumbani kingekifanya.

Hatua ya 4: Sema kila kitu kilichomo mwilini mwako

Hii ndiyo hatua ya kutulia. Kabla ya MRI utaulizwa maswali mengi, mengine utayaona ya ajabu. Usijibu "hapana, hapana, hapana" ili umalize upesi.

Taja betri ya moyo, klipu iliyowekwa kwenye mshipa wa ubongo, au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio. Baadhi ya vifaa hivyo vinaruhusiwa kwa masharti, vingine haviruhusiwi kabisa, na tofauti inajulikana kwa kadi ya kifaa au barua ya upasuaji. Bila karatasi hiyo, fundi anayejua kazi yake atakukatalia, na atakuwa sahihi.

Kama wewe ni fundi wa kuchomelea mageti au wa kusaga vyuma, sema, hata kama jicho halikuumi. Chembe ya chuma iliyoingia jichoni miaka kumi iliyopita inaweza kusogezwa na sumaku na kukupofua. Mara nyingi watakupiga eksirei ya macho kwanza. Mvuvi aliyevunjikiwa ndoano ndani ya nyama, mzee mwenye vipande vya risasi za gobore mguuni, nao waseme.

Vyuma vilivyofungwa kwenye mfupa baada ya ajali kwa kawaida havizuii MRI, ila picha iliyo karibu navyo huharibika, na pengine CT itafaa zaidi. Kitanzi na vijiti vya uzazi wa mpango kwa kawaida si tatizo, vitaje tu. Chale hazina shida. Hirizi na shanga za kiunoni vua umpe mtu unayemwamini, kwa kuwa ndani yake au kwenye kifungo chake huenda kuna chuma, na hakuna atakayekuhoji ulizivaa kwa nini. Wigi lenye klipu, kope za kubandika za sumaku, sidiria yenye waya, meno ya bandia ya kutoa, yote yanabaki nje. Simu na kadi ya benki pia, maana kadi itafutika.

Kwa upande wa CT, chuma si hatari, kinachafua tu picha. Maswali ya CT ni mengine: una mimba, au huenda una mimba? Una pumu? Umewahi kudhurika na dawa ya sindano ya picha? Unatumia metformini ya kisukari? Usiache dawa zako kwa kujiamulia. Sema unazotumia, wao waamue kutokana na hali ya figo zako. Na kuna imani kwamba mtu anayewashwa na samaki au dagaa hawezi kuchomwa kontrasti ya CT kwa kuwa ina ayodini. Si kweli. Mzio wa samaki hautokani na ayodini. Utaje kama unavyotaja mzio mwingine wowote, lakini usikubali peke yake uwe sababu ya kukosa kipimo.

Kuhusu mionzi, watu huogopa kupita kiasi au kudharau kabisa. Mionzi hupimwa kwa milisiverti: CT ya kichwa hutoa takriban 2, ya tumbo kama 8 hadi 10. Eksirei moja ya kifua ni kama 0.1. Kwa kulinganisha, mionzi ya asili inayompata mtu wa kawaida duniani kwa mwaka ni kama milisiverti 2.4. Kwa hiyo CT moja yenye sababu haipaswi kukunyima usingizi. Kurudia CT ileile hospitali tatu tofauti kwa sababu ulisahau picha nyumbani, hasa kwa mtoto, ndiko kusikokubalika.

Hatua ya 5: Siku ya kipimo

Kwa CT, utalala, kitanda kitasogea, utaambiwa ubane pumzi, umemaliza. Kama kuna kontrasti, utachomwa kwenye mshipa na utasikia joto likipita mwilini, ladha ya chuma mdomoni, na wengi huhisi kama wamejikojolea. Hujajikojolea. Joto hilo hupita kwa muda mfupi. Lakini ukianza kuwashwa, kubanwa koo au kupumua kwa shida, sema hapohapo, usivumilie kwa aibu. Mama anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha baada ya sindano ya CT na hata ya MRI.

MRI inahitaji uvumilivu zaidi. Bomba ni jembamba, mashine inagonga na kunguruma kwa sauti kubwa, na wewe hutakiwi kutikisika. Utapewa vizibo vya masikio na kimpira cha kubonyeza ukitaka kutolewa. Bomba liko wazi pande zote mbili na fundi anakuona na kukusikia. Wanaoogopa sehemu finyu wafumbe macho kabla ya kuingizwa, si baada. Mtoto mdogo mara nyingi hulazwa usingizi kwa dawa, kwa hiyo uliza mapema muda wa kumnyima chakula. Kama una ugonjwa mkubwa wa figo, kumbusha tena kabla ya sindano ya gadoliniamu, yaani kontrasti ya MRI.

Ndugu anayesindikiza asikilize hili. Sumaku ya MRI haizimwi mgonjwa anapotoka. Hata umeme ukikatika, picha zitasimama lakini sumaku inaendelea kuvuta, kwa sababu nyaya zake zimezamishwa kwenye heliamu ya baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri na mkondo unazunguka humo bila kuhitaji umeme wa TANESCO. Ukisikia kimya, usidhani pako salama kuingia na kiti cha magurudumu kumpokea mama. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, Marekani, mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani ulirushwa na sumaku ukamuua mtoto wa miaka sita. Subiri mlangoni mpaka uitwe.

Hatua ya 6: Majibu

Fundi anayekupiga picha si anayesoma majibu, kwa hiyo usimbane akwambie "umeonaje". Picha inasomwa na daktari bingwa wa radiolojia, anaandika ripoti, nayo inarudi kwa daktari aliyekutuma. Kuisoma ripoti mwenyewe kwenye daladala huleta hofu isiyo na kazi, kwani hutajwa mambo mengi yasiyo na madhara: kifuko kidogo cha maji kwenye figo au ini, kovu la zamani kwenye pafu. Muulize daktari wako moja tu: lile tulilokuwa tunalitafuta, lipo au halipo?

Chukua ripoti na CD yenye picha. Filamu pekee haitoshi, na kuipiga picha kwa simu ukaituma WhatsApp kwa daktari wa Dar es Salaam haimsaidii sana, maana kwenye CD kuna mamia ya picha na wewe umemtumia mbili.

Ukiambiwa urudie kipimo baada ya miezi kadhaa, omba kirudiwe kwa mashine ya aina ileile ili picha zilinganishwe, na uje na CD ya zamani. Juu ya bahasha andika tarehe, sehemu iliyopigwa, na kama ulichomwa kontrasti na ikakuletea mwasho au kutapika, kwa sababu ndilo swali la kwanza utakaloulizwa mara nyingine.